Fundi Aliyesema Magurudumu Hayako Tayari

Kabla ya kufungua gurudumu, alinawa mikono. Mafundi wengine hunawa wakimaliza kazi. Yeye alinawa kabla, kama mtu anayesogezewa bukari, ugali wetu. Mke wake alimletea beseni la maji na kipande cha sabuni, naye akasugua mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa kitambaa kilichokuwa na msumari wake peke yake ukutani, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akashika spana. Watu waliomwona mara ya kwanza walicheka.

"Papa, unaenda kukula ao unaenda kutumika?"

"Ni moya tu," alijibu bila kuinua kichwa. "Muchanga mu bukari, unausikia mu meno palepale. Muchanga mu roulement ya gurudumu, utausikia mbali, katikati ya njia ya Kasenga, na pale hakuna mama wa kukupikia ingine."

Sitataja jina lake. Watoto wake wako hai, na hawakuniomba niandike. Sisi tulimwita Papa Fundi, na ufundi wake ulikuwa wa kitu kimoja: trela za kubebea mashua, zile tunazoziita remorque. Ukimletea gari alikuelekeza kwa jirani. Ukimletea baiskeli alikuuliza kama unamwona yeye ni mtoto. Karakana yake ilikuwa ua wa nyumba yake, pale mji unapoanza kuisha kwenye barabara ya kwenda Kasenga: paa la mabati, pipa la mafuta machafu, na ekseli zilizoegemezwa ukutani kama wagonjwa wanaongoja kuitwa na daktari.

Mgeni akifika huuliza, Lubumbashi na mashua wapi na wapi? Mji wetu una migodi na vumbi jekundu. Mto wa kubeba chombo hauna. Lakini chuma kiko hapa na wachomeleaji wako hapa, na mashua nyingi za chuma zinazovua Luapula zimezaliwa katika nyua zetu, kati ya nguo zilizoanikwa na kuku. Zikikamilika zinapandishwa juu ya trela na kuvutwa hadi Kasenga, ambako mto unangoja na ng'ambo yake unaiona Zambia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya baba yangu. Trela ilikuwa yake. Gari la kuvuta lilikuwa la dereva mmoja, shofa waliyeelewana naye tangu ujana. Walipeleka mashua, wakarudi na samaki.

Nilijua kazi hiyo kwa macho kabla sijaijua kwa mikono. Kitovu cha gurudumu, yaani moyeu, kina ndani yake beringi, hizo roulement, pete za chuma zinazozungukia ndani ya grisi. Kikitoka safari ndefu kinakuwa cha moto. Shofa anafika mtoni, wavuvi wanapiga kelele, kila mtu ana haraka, naye anarudisha trela majini ili mashua ielee. Moto na baridi vinakutana, na maji yanapenya ndani. Siku hiyo huoni kitu. Grisi inageuka rangi ya chai ya maziwa, kutu inaanza taratibu, na safari nyingine, mahali pasipo nyumba, gurudumu linalia kama mbuzi, au linakutoka na kukupita barabarani.

"Kitu chenye moto ukikitia mu mayi kinakunywa," alisema Fundi. "Hata weye, ukitoka mu jua unakunywa bila kuuliza mayi ni ya nani."

Kwa hiyo alikuwa na sheria, na aliyekataa sheria hiyo alibeba trela yake akaenda zake. Ukifika mtoni, simama mbali na maji. Weka jiwe nyuma ya gurudumu. Kaa. Kisha weka kiganja juu ya kitovu na usali Salamu Maria. Ukifika Amina mkono ungali pale, ingiza trela majini. Ukiuondoa katikati, kaa tena.

Mteja mmoja, mtu wa kanisa la uamsho, mwenye suti na Biblia ya zipu, alimpinga. "Papa Fundi, shiye hatusalake kwa Maria."

"Sali ya kwenu basi. Lakini na vile munasalaka murefu, mutafika ku mayi kesho."

Yule mteja alicheka mpaka akavua miwani. Alirudi miaka yote.

Usidhani alikuwa mtu wa kuchekesha. Alikuwa mkali. Akikuta kitovu kilichochomelewa na fundi mwingine ili kisitoke, alikigeuza mkononi kwa uchungu, kama mama anayemkagua mtoto aliyepigwa shuleni, kisha akamfokea aliyekileta, hata kama aliyekileta hakuchomelea yeye. Hakupenda muziki karibu na kazi, wala kusifiwa. Ukimwambia "Papa, hii kazi ni ya mukubwa," alitafuta mara moja kosa katika kazi hiyohiyo na kukuonyesha. Alipokuwa akijaza grisi, kuzungumza kulikatazwa. Aliweka donge la grisi katika kiganja cha kushoto, akashika beringi kwa mkono wa kulia na kuikandamiza ukingoni mwa kiganja, tena na tena, mpaka grisi ikatokea upande wa pili kama uzi. Ukimya wake wakati huo ulikuwa kama wa kanisani mkate unapoinuliwa.

Jambo lililomfanya ajulikane zaidi ni neno lake. Lubumbashi, ukimpa fundi kazi, anakwambia kesho, na kesho yake anakwambia kesho. Yeye akisema Alhamisi, ilikuwa Alhamisi. Kama haiwezekani alikutumia mtu Jumatano. Wenye mashua nyeupe za plastiki, wale wanaokwenda kwenye maziwa Jumapili na familia zao, walivuka mji mzima kuja katika ua ule wenye kuku kwa sababu hiyo moja.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo hatukuyaelewa. La kwanza, hakuwahi kwenda Kasenga. Trela zote alizotengeneza zilielekea huko, na yeye hakuwahi kuona hata moja ikiingia majini. Baba alimwambia mara nyingi, "Kuya siku moya, uone kazi yako inaoga." Alijibu kila mara neno lilelile: "Miye na Kasenga hatusikilizane." Tulidhani anaogopa maji.

La pili lilihusu vilio. Akifiwa jirani, alikwenda makaburini, akabeba jeneza, akatupa udongo. Lakini hakuwahi kukaa kwenye kilio chenyewe. Watu walipokuwa wakipanga viti na kuchemsha chai kwa ajili ya siku za kuomboleza, yeye alikuwa ameshachukua kofia yake. Mke wake alibaki na wanawake wenzake jikoni, akimwombea radhi. "Iko vile," alisema. "Kilio kinamuumizaka tumbo."

Hata kilio cha baba yangu hakukaa.

Mama alikuwa ametangulia, Nono alipokuwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba aliugua mvua zilipoisha, na kabla ya baridi kwisha tulimzika. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nyuma yangu alikuwa Fiston, kisha Mireille, kisha Nono. Nilikuwa nimeacha shule tangu mama alipofariki, kwa sababu mtu alihitajika nyumbani. Sikuliona kama jambo la kulilia. Ndivyo lilivyokuwa.

Desturi ya kwetu inajulikana. Mtu akizikwa, ndugu zake wanakaa kwenye kilio. Kilio kikivunjwa, wanaangalia alichoacha. Sheria inasema vingine, na kila mtu anajua kwamba sheria inasema vingine. Baba zangu wakubwa na wadogo walifika kutoka kaskazini, wakalia kwa dhati, nawashuhudia, kwa kuwa walimpenda kaka yao. Kisha wakachukua friji, viti, redio na suti za baba. Baada ya hapo wakatugeukia sisi. Fiston angekwenda Likasi. Mireille angekwenda Kolwezi kumsaidia shangazi. Nono angepelekwa kaskazini kwa bibi. Mimi, walisema, nimeshakuwa mwanamke, nitapata bwana. Walitugawa kwa sauti ya chini, kwa upole kabisa, kama watu wanaogawana mizigo kabla ya safari.

Nilipiga magoti mbele ya baba mkubwa. Nikamwomba atuache pamoja.

"Utabalisha na nini, mama?" aliniuliza.

"Na remorque ya papa. Shofa amekubali kutumika na miye."

Akawatazama wenzake. Hawakuwa wameikumbuka trela. "Iko wapi?"

"Kwa fundi."

"Tutaenda kuiona," akasema, na sauti yake ilinionyesha kwamba nimewakumbusha kitu ambacho ningekinyamazia. Kesho yake alikuwa ameshapata mnunuzi. Trela ikiondoka, mambo yetu yamekwisha. Hapakuwa na kitu kingine cha kuwalisha watoto, na hoja yangu ilikuwa moja tu.

Nikatembea nao mpaka karakana, nyuma yao, kama inavyopasa. Trela ilikuwa pale, imesimama juu ya mawe, bila magurudumu. Baba alikuwa ameipeleka kabla ya kulazwa, kwa sababu kitovu cha kushoto kilikuwa kimeanza kulia. Nilijua kazi ilikuwa imekamilika. Siku chache kabla ya mazishi nilipita pale nikaviona vitovu vyote viwili juu ya meza, vimesafishwa, vimejazwa grisi, vimefunikwa kwa kitambaa, na Fundi akaniambia, "Mwambie papa, siku akipata nguvu, aje abebe."

Sasa meza ilikuwa tupu.

Fundi alitoka, akavua kofia, akawapa pole mmoja mmoja kwa mikono miwili. Baba mkubwa akaeleza kilichowaleta. Fundi alisikiliza. Aliniangalia mimi, mara moja, si kwa muda mrefu.

"Magurudumu hayako tayari," akasema.

"Lini?"

"Siwezi kukudanganya, mukubwa. Roulement ya saizi hii haiko mu muji. Nimetuma Kasumbalesa, ku mupaka."

"Basi wiki ijayo."

"Unajua Kasumbalesa. Malori iko mingi kule kuliko bantu."

Baba mdogo, yule kijana wao, akakasirika. "Tutaivuta vile iko!"

"Ivuteni," akasema Fundi. "Ngojeni niwasaidie kusukuma."

Na wakasukuma. Wanaume watatu wenye nguo za kilio, viatu vimepigwa rangi, wameinama nyuma ya trela isiyo na magurudumu, na Fundi kati yao akihesabu, "Moya, mbili, hop!" Trela ilikwangua mawe ikalala upande. Mwanamke aliyekuwa akipita na karai la maembe kichwani akauliza kama nasi tunachimba kobalti uani. Majirani walicheka kwenye ukuta. Mimi sikuthubutu kucheka, lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kusikia kitu kikitembea kifuani mwangu.

Walirudi. "Iko wapi roulement?"

"Iko Sakania."

"Juzi ulisema Kasumbalesa!"

"Ndiyo. Kasumbalesa balikosa. Sasa banatafuta Sakania. Mukubwa, miye ningekuwa na haraka kuliko weye. Hii remorque inanizibia njia ya kuku."

Walirudi tena, na tena. Mara beringi imekuja ya saizi mbaya. Mara ekseli imepinda. Baba mkubwa alisimama njiani na kutangaza kwa sauti kwamba huyu ndiye mwongo mkubwa kuliko mafundi wote wa Lubumbashi, na watu walisikia. Mwenye mashua moja ya plastiki alisikia pia. Alikuja akachukua trela yake ikiwa nusu ya kazi. Vijana wa kijiwe cha karibu walianza kumwita Papa Kesho. Mtu ambaye hakuwahi kusema Alhamisi ikawa Ijumaa alipita mbele yao na kopo lake la grisi, wakamwita Papa Kesho, naye akawasalimu.

Ndugu hawawezi kukaa mjini milele, wakila kwa jirani na wake zao wakiwangoja. Mnunuzi alichoka, akanunua trela nyingine. Baba zangu wakarudi kaskazini, wakasema watoto wabaki na mimi kwa muda, mpaka magurudumu yawe tayari. Hawakurudi. Sidhani walisahau; nadhani walipofika nyumbani waliona aibu, na aibu ikawafaa kama kisingizio.

Walipokwisha kuondoka, Fundi alituma niitwe. Nilimkuta anamimina maji katika beseni mwenyewe. Alinawa, kisha akanisogezea beseni.

"Nawa."

Mke wake akatoka ndani amebeba mzigo uliofungwa kwa kitenge chake cha kanisani. Nilidhani ni vile vitovu nilivyoviona. Havikuwa vile. Vilikuwa vikubwa zaidi, vya ekseli ya basi dogo, na ndani ya ua, nyuma ya mapipa, kulikuwa na magurudumu makubwa ya kulingana navyo. Kwenye mdomo wa kila kitovu alikuwa ameweka mipira miwili ya kuzuia maji badala ya mmoja, na kofia ya chuma yenye springi ndani, ya kuisukuma grisi ili maji yakija yakute mahali pamejaa.

"Papa yako aliomba nirepare tu zile za zamani," akasema. "Yeye alikuwa anajua kusikia. Gurudumu ikianza kuugua, alisikia mbele shofa asikie. Weye bado. Gurudumu ndogo inazunguka mingi, inachoka mbio. Hii kubwa itakungojea ujifunze."

Akaweka donge la grisi katika kiganja changu. Tulifanya kazi mpaka jua likaingia chini ya mabati, na sikusema neno, kwa kuwa ndiyo sheria. Tulipokaza nati ya mwisho nikauliza.

"Papa Fundi, juu ya nini ulibadanganya?"

"Miye? Nilisema hayako tayari. Hata sasa ungali umesahau kufunga kofia ya kuume."

Hilo ndilo jibu nililopata. Tangu siku hiyo, kila tulipokutana, sokoni, kanisani au barabarani, hakuniuliza habari. Aliniuliza, "Muko bote?" Nikajibu, "Tuko bote, Papa." Naye akaendelea na njia yake.

Tulikuwa wote. Trela ile ilitulisha. Wavuvi wa Kasenga waliniita Mama Rozari kwa sababu ya kukaa na kiganja juu ya gurudumu huku wao wakiniita kutoka majini, "Mama, samaki bataoa na kuzaa, unangali unasali!" Nilisali. Magurudumu hayakunilaza njiani. Fiston alimaliza shule, akajifunza umeme. Mireille alishona. Nono alikua, akanipita urefu. Tulilala chini ya paa moja, tukagombana chini ya paa moja, na kila usiku wa kuamkia safari walinifungia chakula cha njiani. Sijui maisha yanatakiwa kuwa na nini zaidi.

Ningeweza kumaliza hapa, na ingekuwa picha nzuri ya mtu mzuri. Lakini sijaeleza yale mambo mawili, Kasenga na vilio, na aliyenieleza hakuwa yeye.

Kule Kasenga nilikuwa nikinunua samaki kwa Mama Mwansa, mwanamke mnene mwenye mdomo mkali na mizani ya haki. Tulikuwa tumezoeana. Siku moja mchana nilikuwa nimechuchumaa karibu na trela, kiganja juu ya kitovu, yeye akanicheka.

"Nani alikufundisha hii dini?"

Nikamweleza. Nilipenda kumweleza mtu habari za Fundi. Nikamsimulia kofia yake, ukali wake, ishara ya msalaba kabla ya spana. Aliacha kucheka.

"Ananawa mikono mbele?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kitambaa chake kiko na musumari yake?"

"Ndiyo. Unamujua?"

Akakaa juu ya chuma cha trela, uzito wake wote, mpaka springi zikalia. "Ni baba mukubwa yangu," akasema. "Papa yangu alikuwa mudogo yake, tumbo moya."

Alinisimulia bila kupandisha sauti, akitazama mto. Baba yake alifariki wakiwa watoto watatu, na mama yao alikuwa amekwisha kufa. Kilio kikavunjwa, ndugu wakaingia nyumbani.

"Balibeba mashini ya kushona. Balibeba sahani. Kisha bakaingia mu chumba. Nilikuwa ku kitanda. Sikuwa nimelala, mama. Nilifunga macho. Nilijiambia, bakiniona nimelala bataacha kitanda. Baba mukubwa njo alininyanyua. Pole pole, kama yai. Akaniweka chini ku kitenge. Nikakaza macho vile vile, mpaka balimaliza kupitisha kitanda mu mulango."

"Na bandugu yako?"

"Miye balinileta hapa kwa shangazi. Mukubwa wangu alienda Sakania; tulionana mara moya, hatukujua cha kusemezana. Ule mudogo…" Akaonyesha kwa kidevu upande usiokuwa na kitu. "Huyo sijue."

Kitovu kilikuwa kimepoa zamani. Shofa alikuwa akipiga honi. Sikujua niweke wapi nilichosikia. Mkono ulioficha magurudumu yetu ndani ya kitenge na mkono uliomlaza mtoto chini ili kitanda kipite ulikuwa mkono mmoja, na sikuweza kuukata katikati nikabakiza upande ulionifaa.

"Nimwambie nini?" nikauliza.

"Mwambie niko."

"Basi?"

"Basi. Kama iko na macho ya kulia, alie. Miye niko na samaki ya kukausha."

Niliporudi mjini sikwenda kwake. Trela ilihitaji grisi, nikajaza mwenyewe. Nikapita barabara nyingine. Haikuwa hasira; nilimwogopa, kama unavyoogopa kuingia chumba ambamo mtu anavaa nguo. Ndipo mke wake akamtuma mtu: mzee amelala, sukari imepanda, miguu imevimba, anauliza kuhusu ninyi.

Tulikwenda sote wanne, alasiri ya Jumapili, na kuku mmoja, na machungwa. Ua ulikuwa umefagiliwa. Ekseli zilikuwa zimeuzwa, ukutani zimebaki alama za kutu. Yeye alikuwa kitandani, amekonda uso, mikono juu ya blanketi ikiwa safi kabisa, weupe wa kucha ukionekana. Sikuwahi kuiona hivyo.

"Muko bote?" akauliza.

"Tuko bote, Papa."

Safari hii hakutosheka na jibu. Alitaka wasogee. Akamshika Fiston mkono, akamwuliza kama bado anaogopa nyaya. Akamwambia Mireille gauni lake limekaa vizuri begani na vibaya kiunoni. Nono alilazimika kuinama. "Weye unakulaka nini?" akamwuliza, tukacheka wote, naye akacheka mpaka akakohoa. Mke wake akawaita wadogo zangu nje wanywe chai. Nikabaki.

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba sitasema. Lakini neno lile halikuwa langu nilizuie, nilikuwa nimetumwa.

"Papa," nikasema, "kule Kasenga kuko mama moya anauzisha samaki. Banamwita Mama Mwansa."

Macho yake yalihama kutoka kwangu yakaenda kwenye dari. Hakuuliza Mama Mwansa ni nani.

"Anasema nikuambie, 'Niko'," nikasema.

Alingoja. Aliyelala kitandani hana pa kuficha kungoja kwake. "Na nini tena?"

"Ni hivyo tu, Papa."

"Bandugu yake?"

"Moya iko Sakania. Ule mudogo hajue fasi iko."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama alivyokuwa akiitikia fundi mwenzake akimweleza ubovu ambao tayari ameuona. Nje Nono alikuwa akimchekesha mke wa Fundi na vikombe viligongana. Fundi alinyanyua mikono yake miwili kutoka kwenye blanketi, viganja juu, akaiweka mbele yake hewani, mbalimbali kidogo, kama mtu aliyebeba kitu kisicho kizito.

"Siku ile tulibeba kitanda," akasema, "alikuwa amelala juu yake. Miye njo nilimunyanyua. Nilimuweka chini pole pole." Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, hakuyafuta. "Hakuamuka, mama. Mungu alisaidia. Hakuamuka."

Akageuza kichwa na kunitazama, akingoja.

"Ndiyo, Papa," nikasema. "Batoto banalalaka sana."